Mawimbi ya Dijitali: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika maduka ya vifaa vya umeme, Mtwara na Lindi zikiwemo, mnunuzi huelezwa kwamba matangazo ya dijitali yanahitaji "antena ya dijitali". Dhana hiyo huwagharimu watu fedha bure. Antena haibagui ujumbe. Hunasa wimbi la masafa iliyoundiwa, basi. Televisheni ya dijitali ya ardhini hurushwa katika masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470, ambayo analojia, mfumo wa zamani wa matangazo, nayo iliyatumia kabla mitambo yake haijaanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012. Antena ya UHF iliyo nzima, ikielekezwa vizuri mnarani, inatosha. Kilichobadilika ni king'amuzi.

Dhana hiyo huzaliwa na nyingine, kwamba sifuri na moja ndizo zinazopita hewani. Kinachopita ni wimbi lisilokatika, ambalo mtambo hubadili kimo na awamu yake (mahali lilipofika katika mzunguko wake) kwa viwango vilivyokubaliwa. Katika mpangilio wa 16-QAM, kwa mfano, wimbi huchukua hali 16, na kila hali hubeba biti 4, yaani sifuri na moja nne. Kazi ya kipokezi ni kuamua hali iliyopokelewa iko karibu zaidi na ipi kati ya hizo.

Uamuzi huo ndio nguvu yote ya dijitali, na ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote, kwa maana wengi hudhani mawimbi ya dijitali hayaharibiki. Yanaharibika sawasawa na ya analojia: umbali huyadhoofisha, na kelele za umeme huyachafua. Tuseme ujumbe unarushwa kutoka Lindi hadi Masasi kupitia mnara wa Mtama. Mnara wa analojia ungekuza ujumbe pamoja na kelele zake, na kila mnara unaofuata ungeongeza nyingine juu yake. Mnara unaozalisha upya mawimbi ya dijitali hutambua kila biti, kisha hurusha wimbi jipya lililo safi. Na biti chache zilizokosewa husahihishwa kwa biti za ziada, mbinu ambayo mwanahisabati Richard Hamming aliieleza mwaka 1950.

Lakini kelele zikizidi uwezo wa usahihishaji, mambo huharibika kwa ghafla. Ndiyo maana mkazi wa bondeni, chini ya uwanda wa Makonde, haoni chenga zikiongezeka taratibu kama zamani: picha ni safi, mara inagawanyika vipande vya mraba, inaganda, inatoweka.

Kwamba sauti ya simu hupotea katikati ya sampuli, yaani vipimo vya sauti vinavyochukuliwa kwa vipindi, pia si kweli. Sauti iliyochujwa chini ya hezi 4,000 na kupimwa mara 8,000 kwa sekunde hurejeshwa. Kinachopotea ni ile tofauti ndogo inayotokana na kukadiria kila kipimo, ambacho kwa kawaida huandikwa kwa biti 8.

Mwisho, wapo wanaoamini kuwa nguvu ya mnara ikiongezwa mara mbili, kasi ya data nayo huwa mara mbili. Mwanahisabati Claude Shannon alionyesha mwaka 1948 kwamba sivyo. Njia yenye upana wa megahezi 1, mawimbi yakizishinda kelele mara 15, hubeba megabiti zisizozidi 4 kwa sekunde; yakizishinda mara 30, kikomo hakifiki hata megabiti 5. Kwa sababu hiyo, kampuni za simu hushindania upana wa masafa kuliko nguvu za mitambo.