“Fundi, si uliniambia hii ni kromu?”

Wiki hii pekee nimeletewa madigadi matatu ya pikipiki yenye vipele vya kahawia, na wenyewe wote wana wimbo mmoja: kromu haishiki kutu, kwa hiyo fundi kanipiga.

Kromu yenyewe, ile metali ya kung'aa inayopakwa juu ya chuma, haishiki kutu, sawa. Lakini hiyo unayoiona ni utando ambao mara nyingi haufiki hata mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wako una kama 70. Tena una vinyufa usivyoviona kwa macho. Kazi ya kuzuia kutu inafanywa na nikeli, metali nyingine iliyo chini yake, na kwenye digadi la bei chee nikeli ndiyo inayobaniwa. Chumvi ya baharini inapenya, inafika kwenye chuma, kinaanza kuliwa chini kwa chini. Siku unayoona kipele, kutu ilishahamia zamani. Ndiyo maana pikipiki ya Newala, kule juu mbali na bahari, inang'aa miaka, na ya Mikindani, pale pwani, inachakaa mapema. Halafu kuna anayetoka kuichezesha mchangani Msimbati, anaisuuza kwa maji yale yale ya bahari, kisha anakuja kunigombeza mimi!

Osha kwa maji ya bomba, kausha, paka nta. Kipele kikiwa kichanga, chukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, iloweshe, sugua taratibu. Ni laini kuliko kromu, haikwaruzi. Ule waya wa kusugulia masufuria uache jikoni kwa mama.

“Basi nipulizie nyeusi.” Juu ya kromu? Bila kuikwangua kwa msasa na kuipa praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, rangi itabanduka kama gamba la nyoka. Rangi ya unga iliyookwa kwenye joto la kama nyuzi 200 ndiyo rangi, nayo jiwe likiitoboa, kutu inaingilia hapohapo. Ila kwa keria ya kubebea magunia ya korosho mimi nachagua nyeusi bila kufikiri mara mbili: kamba ikiila, unapiga msasa na brashi jioni moja. Kromu iliyobanduka hakuna fundi wa kando ya barabara anayeiziba.

Eti injini ikipakwa nyeusi inachemka? Kinyume chake. Uso mweusi hutoa joto vizuri kuliko unaong'aa, japo tofauti ni ndogo. Angalia oili, na toa tope kwenye mapezi ya injini, yale yanayoipooza.

Bomba la moshi kugeuka buluu karibu na injini si dalili ya kromu feki. Ni joto. Kama limeanza ghafla, leta kabureta tuone kama mafuta hayafiki ya kutosha.

Na nyinyi mnaotaka shokapu za mbele ziwe nyeusi: paka kasha la chini. Ile fimbo inayopanda na kushuka ina kromu ngumu ya kazi, si ya urembo. Ukiipaka rangi ya kopo, sili, ule mpira unaozuia oili, inaharibika na oili inamwagikia breki.