Riwaya za bunduki na sheria za Marekani, zile za babu, baba na mjukuu: ni kitu gani hasa

Watu wengi wakiziona wanasema tu "aah, hizi za polisi na majambazi", ila sio hivyo kabisa. Riwaya ya namna hii ni hadithi ya kubuni iliyopandwa ndani ya matukio ya kweli, afu inafuata ukoo mmoja: babu alikuwa sherifu (mkuu wa polisi) wa kijijini, baba kapigana Vita vya Pili vya Dunia karudi kavalishwa beji ya polisi, mjukuu leo hii ndo anafukua yale babu aliyoyazika. Ukoo ni wa kutunga lakini majambazi wanaopishana nao mara nyingi ni wa kweli, wenye makaburi yao na tarehe zao.

Sasa kwanini ukoo? Kwasababu swali lenyewe ni sheria na damu, kipi kizito. Na hapo ukweli umewatangulia waandishi mbali sana. Bass Reeves alizaliwa mtumwa mwaka 1838 Arkansas, baadae akawa naibu mashali, yaani askari wa kukamata wahalifu, wa serikali kuu kwenye eneo la Wahindi Wekundu kuanzia 1875, na mwaka 1902 mtoto wake wa kumzaa alipomuua mke wake huyo mtoto, hati ya kukamata ikachukuliwa na Reeves mwenyewe, akaenda akamleta. Mwandishi akitunga hicho kitu watu watasema kazidisha chumvi.

Kitu cha pili ni bunduki, na hapa ndo utamu ulipo. Kwenye riwaya hizi bunduki ni saa. Mwandishi anaejua kazi hakwambii ni mwaka gani, anakuonyesha mkononi mtu kashika nini. Thompson, ile bunduki ya rashasha, yenye magazini ya duara, basi uko miaka ya 1920 au 1930. Rivolva ya Smith & Wesson .357 Magnum imetoka 1935, kwahiyo ukiikuta kiunoni mwa mtu kwenye hadithi ya 1931 jua mwandishi kachemka, na wasomaji wa hizi kitu hawana dogo, mhusika wa hovyo watamvumilia ila risasi ya hovyo hapana. Ila saa yenyewe inachelewa wakati mwingine, maana silaha hazistaafu kama watu. Frank Hamer, yule askari mstaafu wa kikosi cha Texas Rangers aliewategea wale majambazi wapenzi Bonnie na Clyde tarehe 23 Mei 1934 kule Louisiana, bado alikuwa na bastola yake ya Colt .45 ya mtindo wa 1873 aliyoipenda kama mtoto, wakati Clyde anatembea na bunduki za rashasha za jeshi alizoiba kwenye maghala ya silaha.

Na huo mwaka 1934 ndo waandishi wanaurudia kila siku, wala siwalaumu. Angalia ulivyopangika. Ilianzia mwaka mmoja nyuma, Juni 1933, pale stesheni ya treni ya Kansas City maaskari 4 waliuawa pamoja na mfungwa waliekuwa wanamsindikiza. Wakati huo askari kanzu wa serikali kuu, wale watakaokuja kuitwa FBI mwaka 1935, hata ruhusa kamili ya kisheria ya kubeba silaha na kukamata watu walikuwa hawana! Bunge likawapa Juni 1934, na mwezi huohuo likapitisha sheria ya kuweka kodi ya dola 200 kwenye bunduki za rashasha, hela ambayo ilikuwa karibu sawa na bei ya Thompson yenyewe. Julai Dillinger, yule mwizi wa mabenki, akapigwa risasi nje ya sinema Chicago, Novemba jambazi mwingine, Baby Face Nelson, akafa ila na yeye aliondoka na maaskari wawili wa hao wa serikali kuu. Yaani mwaka mmoja umejaa, mwandishi anachotakiwa ni kumpenyeza babu yake wa kubuni katikati bila kugusa nani alikufa na wapi, maana hiyo ndo mipaka ya mchezo: ukibadilisha mauti ya Dillinger umeshatoka kwenye riwaya ya kihistoria umeingia kwenye njozi.

Utaona pia kwamba silaha inatangulia, sheria inakuja nyuma inahema. Rais Kennedy kauawa 1963 kwa bunduki iliyonunuliwa kwa posta, sheria ya kuzuia biashara hiyo kwa raia wa kawaida ikaja 1968, baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy, mdogo wake rais, nao kuuawa. Sheria hiyohiyo ndo ililazimisha kila bunduki mpya iwe na namba, kabla ya hapo nyingi za bei rahisi zilitoka kiwandani bila namba yoyote. Ndo maana mjukuu wa kwenye riwaya akifungua sanduku darini akakuta rifle haina namba, hajui ilinunuliwa wapi wala na nani, inabidi aanze kuulizia wazee waliobaki.