Hatua ya nne

Nafundisha walimu wa elimu ya watu wazima. Kila mwaka wanachuo wangu huniuliza mtu aliyeelimika ni nani hasa, nami sianzi na vyeti. Naanza na mtihani wa kisomo wa mwaka 1975.

Mwaka huo Tanzania ilipima kisomo nchi nzima, na matokeo yakapangwa kwa hatua nne. Hatua za chini zilikuwa za misingi ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Ya nne ilidai zaidi: usome gazeti ujue mambo yanakwendaje, usome maelekezo ya kilimo bora uyafuate, uweke daftari la mapato na matumizi. Mkulima wa pamba wa Usukuma ambaye hakuwahi kukaa darasani utotoni angeweza kufika huko. Napenda kipimo hiki, kwa sababu kinauliza mtu anafanya nini na alichokisoma.

Miaka miwili kabla, 1973, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio kwa pamoja, kisha mmoja akawasomea wenzake kitabu kuhusu malaria, kichocho, kuhara. Kazi hasa ilianza redio ikishazimwa. Je, sisi hapa kwetu tuna tatizo hili? Linatoka wapi? Tufanye nini? Kikundi kilijadili, kikaamua, kikaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Asiyejua kusoma alikuwemo, na pengine ndiye aliyejua kisima kipi kinachafuka mvua zikinyesha. Mimi simtoi mtu huyo katika hesabu ya walioelimika, ingawa najua wenzangu wengi wanamtoa.

Kiswahili chenyewe kinanisaidia kuwaeleza wanachuo. Kusoma ni tendo: unakaa, unafungua kitabu, unasoma. Kuelimika ni kama kukomaa au kulainika, hali inayomwingia mtu. Ndiyo maana tunaweza kusema "amesoma, lakini hakuelimika" na kila mtu akaelewa bila kuuliza.

Wiki ya kwanza nawapa zoezi moja. Kila mmoja anarudi nyumbani na jambo alilojifunza darasani, amweleze mzazi au jirani kwa Kiswahili cha kawaida mpaka jirani aanze kumbishia. Kisha aniletee yale mabishano, yameandikwa. Shahada ya kwanza, ya pili, wote huhangaika nalo, na hapo ndipo naanza kufundisha.