Sura Fupi, Maneno Marefu: Kumchagulia Kitabu Mtoto Anayesoma kwa Namna Yake

Jumamosi asubuhi, sehemu ya watoto katika maktaba yetu hapa Nairobi hujaa kabla ya saa nne. Jumamosi moja aliingia mvulana wa Gredi ya 3 akiwa na nyanya yake. "Huyu anajua kusoma, mwalimu," nyanya akaniambia, "ni uvivu tu." Mvulana akafungua kitabu nilichompa, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza: a-li-po-m-ka-ri-bi-sha. Hakukosea hata silabi moja. Lakini alipofika kwenye nukta nikamuuliza nani alimkaribisha nani, akabaki kunitazama. Mwanzo wa sentensi ulikuwa umeshamponyoka.

Nyanya hakuwa na kosa. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka neno lolote, hata asilolielewa. Katika Kiingereza, ambako herufi zilezile husomwa hivi hapa na vile pale, mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma, hujulikana kwa makosa yake. Katika lugha zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kwa mfano Kiitaliano na Kifini, watafiti wameona kwamba mtoto wa aina hiyo husoma sawasawa ila polepole mno. Kiswahili kiko upande huo. Ndiyo maana mwalimu mwenye darasa lililofurika husikia matamshi safi, akaweka alama ya vyema, akaenda kwa mwingine.

Watoto kama huyu, pamoja na wenye usonji (autism) na wale wasiotulia ambao madaktari huwaandikia ADHD, wanahitaji kitu ambacho rafu zetu zina uhaba nacho: vitabu vya kwanza vyenye sura. Namaanisha vile vya umri wa miaka 6 hadi 9 hivi, vilivyo kati ya kitabu cha picha na riwaya, vyenye sura chache za kurasa nne au tano na picha za hapa na pale. Mtoto wa miaka minane hataki kuonekana na kitabu cha "watoto wadogo". Kitabu chenye sura humpa heshima hiyo, na mwisho wa kila sura ni kituo: anashuka, anazunguka chumbani, anarudi. Kwa asiyeweza kukaa kitako dakika ishirini, hilo si jambo dogo.

Tuanze na ukurasa wenyewe. Zipo fonti zinazouzwa kama dawa ya disleksia. Majaribio hayajaonyesha kwamba zina faida ya kutegemewa, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili yake. Kinachosaidia ni nafasi: herufi za pointi 12 hadi 14, mistari isiyobanana, ukingo wa kulia ulioachwa bila kunyooshwa, na karatasi ya rangi ya maziwa badala ya nyeupe inayong'aa. Mambo haya mchapishaji anaweza kuyafanya bila kuongeza gharama ya maana.

Kisha kuna lugha, na hapa ushauri wa vitabu vya kigeni hautufai. Waandishi wa Kiingereza huambiwa watumie maneno mafupi. Sisi kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa, na kikiongezwa "-po-" au "-ye-" kinakuwa treni. "Atakapowarudishia" ni sentensi nzima ndani ya neno moja, na mtoto anayesoma silabi kwa silabi hufika mwisho amechoka. Dawa ni kuikata sentensi vipandevipande, wazo likibaki lilivyo. Badala ya "Mama alipomkaribisha, Juma aliketi", andika: "Mama akafungua mlango. Akasema, karibu. Juma akaketi." Angalia hiyo "-ka-". Mtoto akiizoea hujua kitenzi kinachofuata kitaanza vipi, na nguvu zake huenda kwenye maana. Nyanya zetu walisimulia hivyo kila jioni bila kuhudhuria warsha yoyote.

Kuhusu hadithi, nina kipimo kimoja kikali. Ondoa usonji au disleksia kwenye kitabu, halafu tazama: kuna hadithi iliyobaki? Vingi ninavyoletewa havibakizi kitu. Kuna aina ambayo mtoto huombewa sura ya mwisho akapona, na kuna nyingine, yenye nia njema zaidi, ambayo mtoto anagundulika kuwa bingwa wa hesabu ndipo darasa likampenda. Kwa hiyo asiyekuwa bingwa apendwe lini?

Mimi ningependa kusoma hadithi ya msichana mwenye usonji anayepanda matatu kutoka Umoja kila asubuhi. Muziki unamuumiza masikio, kwa hiyo huyaziba kwa viganja. Darasani hurudia maneno ya makanga anayeita abiria wa mjini: "Beba, beba, tao!" Wenzake hucheka. Rafiki yake peke yake ndiye anayegundua kwamba "Beba!" hutoka anapotaka kuingia mchezoni, na "Shukisha hapo mbele!" hutoka kelele zikimzidi. Wataalamu wa lugha wanajua kwamba kurudiarudia maneno uliyoyasikia, mara nyingi, ni mazungumzo kamili kwa asiyepata maneno yake mwenyewe haraka. Sasa weka fumbo: begi limepotea, na aliyeliona ni yeye. Hapo una sura sita.

Nairobi yenyewe iingie bila kutangazwa. Mtoto Msomali wa Eastleigh au Mnubi wa Kibra asiwe mgeni anayeelezwa kila anapotokea; awe ndiye mwenye mpira. Akiwepo mtoto Kiziwi, mchoraji asibuni mikono hewani. Lugha ya Alama ya Kenya inatajwa katika Katiba, na ishara zake zina umbo kamili. Mtafute Kiziwi aikague michoro kabla haijaenda kiwandani.

Na maneno? Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Lugha yetu ina mtego wake hapa: kipofu, kiziwi, kilema, yote yameanza na "ki-" kama kiti na kijiko. Wapo wanaopendelea "asiyeona", ilhali Viziwi wengi hulitumia jina lao kwa fahari. Waulize wenyewe. "Mgonjwa wa usonji" tuliache, maana usonji si ugonjwa. "Zezeta" na "taahira" yanaweza kutoka kinywani mwa mchokozi kama hadithi inaonyesha yalivyochoma, lakini msimulizi asiyatumie hata mara moja.

Ukiwa dukani, au umeinama mbele ya vitabu vya inama kando ya barabara mjini, mpe mtoto ukurasa mmoja wa katikati. Usihesabu makosa, kwa sababu huenda usisikie hata moja. Funga kitabu umwambie, "Nihadithie." Akikuhadithia, nunua. Akishindwa, mjaribu tena ukimsomea wewe. Akielewa kwa sikio asichoelewa kwa jicho, una habari ya kumpelekea mwalimu wake. Hali ikiendelea, mpeleke afanyiwe tathmini. Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, iko Kasarani tangu miaka ya themanini, na kuna vituo vya tathmini vya EARC ambavyo mpango wake ulianza 1984. Nenda na daftari lake la shule.

Siku ile mimi na yule mvulana tulisoma kwa zamu, ukurasa wangu, ukurasa wake, mpaka mwisho wa sura ya kwanza. Nyanya alivuta kiti akasikiliza. Wiki mbili baadaye walirudi. Mvulana alikuwa amekimaliza kitabu na alikuwa anakiomba tena, kilekile. Nyanya alitaka achukue kipya, kwani hicho si ameshakijua? Nikamweleza kwamba kurudia kitabu ndiko kunakolainisha usomaji, na kwamba mara ya tatu haitakuwa kama ya kwanza. Sidhani alishawishika. Hata hivyo nilifungua jalada nikakigonga muhuri.