Rivolva iliyotumika: kung'aa si uzima

Hapa Mafinga, wafanyabiashara wa mbao wenye leseni ya silaha wengi huamini kwamba rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ndogo iliyotumika, ikiwa inang'aa, ni nzima na inastahili bei kubwa. Sivyo. Mng'ao huenda ni kazi ya msasa, na msasa hufuta chapa za kiwandani, thamani hushuka.

Kwanza hakikisha haina risasi. Kisha vuta nyundo, kile kidude cha nyuma kinachogonga risasi, polepole: silinda, yaani gurudumu la kuwekea risasi, ijifunge yenyewe, tundu la risasi likae sawasawa na mtutu. Silinda ikichezacheza sana, achana na silaha hiyo, hata iwe ya kampuni maarufu ya Smith & Wesson. Mimi humulika pia ndani ya mtutu kwa tochi. Vishimo vya kutu, na ukungu wetu huu huileta upesi, havifutiki.

Namba ya silaha isipolingana na leseni ya muuzaji, hapo hakuna bei ya kujadili.