Je, wajua kwa nini mrushaji wa besiboli, yule anayemrushia mpigaji mpira, hata akifanya vizuri hushushwa ligi ndogo mara 12 kwa msimu mmoja?

Mwaka 2021 Louis Head aliitwa kwa mara ya kwanza kwenye MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Alikuwa na miaka 31, umri ambao wenzake wengi wameshaanza kuwaza kustaafu, na muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akiuza paneli za sola. Msimu huohuo timu yake, Tampa Bay Rays, ilimrudisha ligi ndogo mara 12.

Zamani mtu angeniuliza kwa nini, ningemjibu bila kufikiri: anarusha vibaya. Mechi zao za jioni hutufikia Dar es Salaam saa nane usiku. Ukikesha, unamwona mrushaji wa akiba anaingia, anawatoa wapigaji watatu, anaondoka akipigiwa makofi. Kesho yake jina lake halipo kikosini. Nami nikawa nahitimisha kwamba kocha kamchoka.

Nilikosea kabisa, na kosa lenyewe ni la mtu aliyelelewa na mpira wa miguu. Kwetu kushuka daraja ni msiba: timu imeboronga, mashabiki wanalia, mfadhili hapokei simu. Kwenye besiboli ya Marekani timu haipandi wala haishuki. Durham Bulls ya North Carolina, timu ndogo ya ngazi ya juu kabisa chini ya Rays, hata ikibeba kombe itabaki palepale, maana kazi yake ni kuwalea na kuwahifadhi wachezaji wa Rays. Kila moja ya timu 30 za MLB ina timu nne za namna hiyo, kutoka Single-A, High-A, Double-A hadi Triple-A (ndiyo, High-A iko chini ya Double-A, usiniulize), ukiacha zile za chipukizi. Anayepanda na kushuka ni mtu, na kushuka kwake si lazima iwe adhabu. Head mwaka ule aliruhusu chini ya pointi mbili na nusu kwa kila awamu 9, yaani mechi nzima ya kawaida. Wapo wanaoruhusu pointi nne na hakuna anayewagusa.

Sasa kilichokuwa kikimshusha ni nini? Ni mkono uliochoka, ukikutana na kikosi chenye idadi maalumu.

Chukua mfano wa kibanda cha kukodisha pawabenki. Sheria inakuruhusu kuwa na 13 tu. Tano ni kubwa, nazo huzitumii kila siku: ukitoa moja leo, inapumzika siku nne au tano. Hao ndio warushaji wanaoanza mechi. Nane zilizobaki ni ndogo, za kumalizia pale kubwa ilipoishia. Hao ndio warushaji wa akiba. Kwa kawaida kila ndogo inatoa chaji kidogo, awamu moja hivi, kisha kesho au keshokutwa iko tayari tena.

Siku moja wateja wanafurika. Kubwa ya siku hiyo inazima mapema, mechi inaenda awamu 12, na moja ya zile ndogo inatumika awamu tatu mfululizo. Asubuhi iko asilimia sifuri na itahitaji siku kadhaa. Haijaharibika, imefanya kazi kuliko zote. Lakini inakalia nafasi, na ya 14 huruhusiwi kuweka. Unachofanya ni kuipeleka stoo na kuchukua iliyojaa. Yaani aliyeokoa mechi usiku ndiye anayefungasha mabegi asubuhi. Mtaani tungemwita deiwaka.

Si kila pawabenki inakubali kupelekwa stoo, lakini. Mchezaji aliyemo kwenye orodha ya wachezaji 40 wa timu kuu huwa na opsheni tatu, yaani misimu mitatu ambayo timu inaweza kumshusha bila kumuuliza mtu. Zikiisha, ukitaka kumshusha lazima kwanza timu nyingine 29 zipewe nafasi ya kumchukua. Hapo ndipo hesabu inapogeuka kichekesho: kati ya mzoefu anayepigwa kila siku lakini hana opsheni, na kijana anayefanya vizuri mwenye nazo, anayepanda ndege kwenda Durham ni kijana.

Tena opsheni moja ni msimu mmoja, si safari moja. Ukishushwa mara moja au mara 12, imetumika moja. Mfukoni hali si ileile: mwaka 2021 kima cha chini cha MLB kilikuwa dola 570,500 kwa msimu, zaidi ya dola 3,000 kwa kila siku unayokuwa juu, na ukiwa chini unalipwa sehemu ndogo tu ya hizo.

Tangu 2022 mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji unaruhusu mchezaji kushushwa hivyo mara tano tu kwa msimu. Wengi huiita kanuni ya Louis Head. Mrushaji aliyeshushwa hukaa chini walau siku 15, isipokuwa akiitwa kuziba pengo la majeruhi. Sidhani kama zungusha-zungusha imekufa. Timu ikiwa na deiwaka watatu badala ya mmoja, inagawa safari tu. Na tusizidishe upande wa pili: wapo wanaoshushwa kwa sababu wamepigwa kweli.

Afrika nayo imo. Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, alichaguliwa na Chicago Cubs mwaka 2011 akiwa mrushaji wa kuanza mechi. Akageuzwa wa akiba, akapitia hadi ligi zisizo na uhusiano wowote na MLB, na mwaka 2019, akiwa na Seattle Mariners, akawa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika Kusini kucheza MLB. Msimu haujaisha akawa Baltimore, kisha akaenda Japani, akarudi. Mwaka 2023 pekee alivaa jezi za timu tatu za MLB. Mwaka uliofuata Houston Astros walimtumia kwenye mechi zaidi ya 50.