Aventurini: jiwe la kijani linalosingiziwa mengi

Arusha ukivaa hereni za kijani, atatokea mtu akwambie ni tsavoriti. Si kila kijani ni tsavoriti. Tsavoriti ni jamii ya ganeti, kundi la vito, huchimbwa Simanjiro na ng'ambo ya mpaka Kenya, na mwanga hupenya ndani yake. Aventurini ni kwatzi, madini ya kawaida kabisa. Imulike kwa tochi uone: mwanga unaishia njiani, unabaki ukungu wa kijani. Nyingi hutoka India na Brazili, na bei yake ni ya shanga na bangili. Anayekutajia bei ya tsavoriti, mrudishie jiwe lake.

Wengine huamini chenga zinazometameta ndani yake ni dhahabu. Ni mika, madini ya matabaka membamba yanayong'aa, aina ya fuksaiti, na kromiamu iliyomo ndiyo inayolitia jiwe rangi. Ligeuze polepole juani: chenga hizi zinawaka, zile zinazima. Ukiona vimeto vimetawanyika sawasawa mno, tena na viputo vya hewa ndani, hicho ni kioo cha kiwandani.

Huuzwa pia kwa jina la "jedi ya India". Hilo ni jina la biashara tu. Bangili ya jadeiti, iliyo jedi halisi, ya ukubwa uleule huwa nzito zaidi, kwani msongamano wa jadeiti ni kama gramu 3.3 kwa sentimita ya ujazo na wa aventurini kama 2.65. Ugumu wa aventurini, karibu 7 kwa kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini (1 hadi 10), unatosha kuhimili kisu cha kawaida, ila ikianguka kwenye sakafu ya saruji inaweza kupasuka.

Kwamba hutibu moyo na kuvuta fedha, hakuna ushahidi wa kitabibu. Livae kwa kulipenda, na dawa za presha usiziache.

Linaloniuma zaidi ni vijana wanaokata mawe kuambiwa kwamba vumbi la jiwe la bei ndogo halidhuru. Kwatzi ni silika, madini yaleyale ya mchanga, na vumbi lake laini, lile lisiloonekana kwa macho, huingia kwenye mapafu na kuyaachia makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauponi, na humweka mtu kwenye hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Kitambaa puani hakilizuii. Kata kwa maji yanayotiririka kwenye gurudumu, futa meza kwa kitambaa kilicholowa badala ya kufagia, vaa barakoa ya vumbi inayobana uso. Shanga iliyokwisha kung'arishwa haitoi vumbi hilo; anayeivaa hana cha kuogopa.